Kuchagua Chombo cha Michezo ya Kale

Watu hudhani kwamba kuchagua kifaa cha kuchezea ni jambo la duka na mfuko: mwenye fedha hununua kilicho bora, na mnyonge hujitwalia kilichosalia. Nakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba dhana hiyo haikukamilika. Kifaa ninachokisema ni kile kidogo cha mkononi, chenye kioo na vitufe, ambacho huweza kucheza michezo ya elektroniki iliyotungwa miaka thelathini au arobaini iliyopita kwa ajili ya mashine ambazo leo hazitengenezwi tena. Vijana wetu huiita michezo hiyo gemu, na neno hilo limekwisha kukaa katika lugha. Vifaa vya namna hii vinauzwa kwa aina nyingi hata mnunuzi hupotewa. Akiuliza kipi kilicho bora, atajibiwa kwa hesabu za kasi na ukubwa. Walakini swali la kasi huja baada ya swali la historia: ni michezo ya kale ya nani anayotaka kuicheza, naye ataicheza mahali gani?

Ili tusiseme hewani, nimechagua mahali pamoja. Mahali penyewe ni Guta, katika Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara, ukingoni mwa Ghuba ya Speke. Upande mmoja ni ziwa, na njia za maji ziendazo Ukerewe. Upande wa pili ni Bunda mjini, na barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Ni mahali pa jembe na wavu, wala si mahali pa maduka makubwa ya vifaa vya umeme. Kwa sababu hiyo hasa panatufaa, maana chombo kikithibitika kuwa chema Guta, hapana shaka kitakuwa chema katika sehemu nyingi za nchi yetu.

Tuanze na mchezo usiohitaji umeme. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kusini na kaskazini-magharibi mwa ziwa kuna ndugu zake, kama vile isolo ya Wasukuma na omweso ya Waganda. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alijulikana kuwa mpenzi wa bao. Sasa tutazame jambo moja. Bao huchongwa katika gogo la mti; lakini pasipo gogo, watu wawili huchimba mashimo ardhini, huokota kokoto, na mchezo ukaendelea. Hapana mchezaji asemaye kwamba bao la ardhini ni mwigo wa bao la mti. Kunamua ni kule kule, mtaji ni ule ule, na nyumba ni ile ile. Mchezo ni sheria, na chombo ni pahali pa sheria hizo kukaa kwa muda. Gogo likiliwa na mchwa, bao halifi, kwa kuwa makao yake halisi ni vichwa vya wazee wa barazani na vya vijana wanaowatazama.

Gemu ya elektroniki nayo ni sheria, lakini sheria zake hazikuwekwa vichwani mwa watu. Ziliandikwa ndani ya kipande kidogo cha silikoni, kwa lugha ya mashine moja tu. Mchezaji hodari aliyemaliza mchezo mara mia hawezi kuuchora mchangani na kumwachia mwanawe. Bao lina walimu kila kijiji. Gemu ina mwalimu mmoja, nayo ni mashine iliyoandikiwa. Mashine hiyo ikifa pamoja na wenziwe wote, mchezo hubaki kama barua iliyoandikwa kwa lugha isiyosemwa na mtu yeyote aliye hai. Tofauti hii kati ya bao na gemu ndiyo asili ya vifaa tunavyovizungumza.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana kabla ya ugonjwa wenyewe kuonekana. Katika mwaka wa 1936 mwanahisabati wa Kiingereza, Alan Turing, alithibitisha kwamba inawezekana kuwako mashine moja ya kuhesabu ambayo, ikipewa maelezo ya mashine nyingine yoyote ya jamii yake, itatenda kazi ya mashine hiyo. Kampuni ya IBM ya Marekani ilipotangaza kompyuta zake za System/360 mwaka 1964, ilikabiliwa na wateja waliokuwa na programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya kompyuta za zamani, nao hawakuwa tayari kuzitupa. Wahandisi wa IBM walifanya mashine mpya iweze kujifanya ya zamani, na njia hiyo wakaipa jina ambalo sisi twaweza kulitamka emuleta. Basi emuleta haikuzaliwa katika mchezo. Ilizaliwa katika hesabu za mishahara na za mabenki, kwa hofu ya kupoteza kazi iliyokwisha kufanywa.

Namna yake ya kutenda si ngumu kueleza. Emuleta ni programu inayosoma kila amri iliyoandikiwa mashine ya zamani, kisha hutimiza amri hiyo kwa njia za mashine mpya. Amri moja ya zamani huhitaji amri kadhaa za sasa. Kwa hiyo mashine mpya hapana budi iwe na nguvu kuliko ile inayoigwa. Ni kazi ya mkalimani, naye mkalimani huhitaji pumzi kuliko msemaji, maana husikiliza na kusema kwa wakati mmoja.

Ng'ambo ya ghuba, katika kisiwa cha Ukerewe, kuna mfano wa maandishi unaotusaidia kulielewa jambo hili. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Baada ya miaka mingi aliigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikachapishwa mwaka 1980. Mwandishi akafariki mwaka 1981. Kazi ile ilikaa miaka 35 bila kitabu, nayo iliokolewa kwa kuhamishwa kutoka chombo kimoja cha lugha hadi kingine. Msomaji wa Kiswahili hupata hadithi yote, lakini sauti ya Kikerewe haisikii kama ilivyosikika mara ya kwanza. Emuleta ni vivyo hivyo: huokoa kilicho kikubwa, na hapa na pale huacha harufu ya tafsiri. Mwanafunzi wa historia hana haki ya kuidharau tafsiri. Wala hana haki ya kusahau kwamba ni tafsiri.

Sasa tuitazame historia ya vyombo vya mkononi, kwa kuwa ndani yake mna fundisho la kuchagua. Katika mwaka wa 1979 kampuni ya Milton Bradley ya Marekani ilitoa Microvision, chombo cha kwanza cha mkononi kilichobadilishwa michezo kwa kubadili kaseti. Mwaka uliofuata kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game & Watch, vijitu vidogo vyenye mchezo mmoja na saa, vilivyobuniwa na Gunpei Yokoi. Yokoi alikuwa na itikadi yake: mbunifu asikimbilie ufundi mpya ulio ghali, bali atwae ufundi uliokwisha kuzeeka, ulio rahisi na unaojulikana tabia zake, kisha aufikirie kwa njia mpya. Kioo cha Game & Watch kilikuwa kioo cha kikokotoo.

Itikadi hiyo ilijaribiwa vikali mwaka 1989. Nintendo walitoa Game Boy, chombo chenye kioo kisicho na taa, chenye vivuli vinne tu vya rangi ya majani mabichi, na chenye vitone 160 kwa 144. Mwaka ule ule Atari walitoa Lynx, na mwaka 1990 Sega wakatoa Game Gear. Vyote viwili vilikuwa na rangi na taa ndani ya kioo. Mtu akivitazama dukani aliona Game Boy ni fukara. Walakini Game Boy ilitumia betri ndogo nne, nazo zilidumu saa kumi na kuzidi; Lynx na Game Gear zilimeza betri sita kwa saa chache, tatu au tano hivi. Game Boy pamoja na ile ya rangi iliyofuata ziliuzwa zaidi ya milioni 118, na Game Gear milioni 10 na kitu. Kilichoshinda ni kile kilichoweza kukaa mbali na duka la betri. Hili ndilo fundisho la kwanza: nguvu ya chombo hupimwa kwa muda kinaoweza kumtumikia mtu pale alipo, si kwa mwangaza wake siku ya kununuliwa.

Je, historia hiyo ilifika Guta? Haikufika kwa njia ile iliyofika Tokyo au Chicago, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vya jamii hiyo, kwa kuhifadhi fedha za kigeni na kwa kuogopa gharama zisizo na faida. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Mashine ya Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, huhitaji televisheni ili ichezwe. Basi mtoto wa Japani aliyeicheza akiwa na miaka kumi alikuwa mtu mzima wakati televisheni ilipoanza kuenea katika miji ya Bara. Tena kilichokuja kwetu kwa kawaida hakikuwa Famicom yenyewe, bali mashine za bei nafuu za Taiwan na China zilizoiiga, pamoja na kaseti zilizoahidi michezo mamia na kumbe ndani mna michache iliyorudiwarudiwa.

Sambamba na hizo kilikuja chombo kingine kilichopita mahali pasipo umeme. Hicho ni Brick Game, kijisanduku cha plastiki kilichoandikwa juu yake kwamba kina michezo 9999. Mchezo wake mkubwa ulikuwa wa kupanga matofali yanayoanguka. Asili yake ni Tetris, mchezo uliotungwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, na uliouzwa pamoja na Game Boy huko Marekani mwaka 1989. Watoto wengi wa nchi yetu waliyajua matofali hayo wala hawakupata kusikia jina la Tetris, la Pajitnov, wala la Game Boy.

Kisha zikaja simu. Mchezo wa nyoka, ulioandikwa na Taneli Armanto wa kampuni ya Nokia, ulitokea katika simu ya Nokia 6110 mwaka 1997. Vodacom ilianza kazi Tanzania mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001. Mwaka 2003 Nokia walitoa simu ya 1100, yenye tochi kichwani na vitufe visivyoingiza vumbi kwa urahisi. Simu hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ndani yake mlikuwa na nyoka. Kwa watu wengi wa vijijini, huyo nyoka ndiye gemu ya kwanza waliyoicheza, nao waliicheza katika chombo kilichonunuliwa kwa kazi nyingine kabisa. Itikadi ya Yokoi ilikuwa imetimia mikononi mwa watu ambao Yokoi, aliyefariki mwaka 1997, hakuwafikiria.

Kwa hiyo neno «kale» halina maana moja. Mjapani akisema michezo ya kale huikumbuka Famicom ya mwaka 1983. Mtanzania wa rika lile lile huenda akakumbuka bao, drafti na karata. Aliyezaliwa miaka ya 1980 mjini hukumbuka kaseti za mwigo. Aliyezaliwa miaka ya 1990 hukumbuka matofali, nyoka, na vibanda vya PlayStation ambako mchezo wa mpira ulilipiwa kwa muda. Mdogo wake hukumbuka simu ya Android na programu ya PPSSPP, emuleta iliyoandikwa na Henrik Rydgård na kutolewa mwaka 2012, inayoiga PSP, chombo cha mkononi ambacho Sony walikitoa mwaka 2004. Wengi wa hao hawajapata kuishika PSP yenyewe. Wamekutana na tafsiri kabla ya kuuona mswada. Mimi sioni aibu katika hilo. Wangapi kati yetu waliosoma Shakespeare kwanza katika Kiswahili cha Nyerere?

Vifaa vilivyotengenezwa makusudi kwa ajili ya emuleta vina historia fupi. Kampuni ya Game Park ya Korea ya Kusini ilitoa GP32 mwaka 2001, ambayo iliwaachia watu waandike programu zao wenyewe, nao hawakukawia kuipa emuleta. Ikafuata GP2X mwaka 2005, na Dingoo A320 ya China mwaka 2009. Tangu hapo Shenzhen ikawa soko la dunia la vyombo hivi. Anbernic walitoa RG350 mwaka 2019 na RG35XX mwaka 2022. Katika kipindi hicho hicho ikatoka Miyoo Mini, ambayo huenea katika kiganja. Bei ya hizi ndogo ilikuwa chini ya dola 100. Ndani yake hamna ufundi wa ajabu: mna vipande vya kompyuta vilivyokwisha kupitwa na simu za siku hizi, mfumo wa Linux usiolipiwa, na kadi ya kumbukumbu. Ni Yokoi tena, katika nguo nyingine.

Sasa tumekuwa na vipimo vya kuchagulia. Cha kwanza ni rika la michezo. Michezo ya Famicom na ya Game Boy huigwa vema na kifaa kidogo kabisa, kwa kuwa moyo wa Game Boy ulipiga mara milioni nne tu kwa sekunde, na moyo wa kifaa cha leo hupiga mara bilioni moja au zaidi. PlayStation ya kwanza pia huchezeka katika kifaa kama RG35XX. PSP hudai zaidi, na PlayStation ya pili hudai zaidi sana, hata bei hupanda mara kadhaa. Kwa hiyo anayetamani kaseti za utoto wake asilipie nguvu ya PlayStation ya pili. Na anayetamani mpira wa kibandani asidanganywe na kijisanduku cha bei rahisi.

Kipimo cha pili ni kioo, nacho ni cha hesabu. Picha ya zamani hukaa vizuri ikiwa kila kitone chake kinakuzwa mara kamili, mbili au tatu, bila vipande. Picha ya Famicom ni vitone 256 kwa 240. Ikikuzwa mara mbili huwa 512 kwa 480, nayo huenea sawasawa katika kimo cha kioo cha 640 kwa 480, ambacho ndicho kioo cha RG35XX na cha Miyoo Mini. Picha ya Game Boy ikikuzwa mara tatu huwa 480 kwa 432, nayo huenea pia. Kioo kirefu cha simu huacha pembeni weusi mtupu, au huivuta picha hata mviringo ukawa yai. Tena kuna jambo la jua. Kioo cha Game Boy ya mwaka 1989 kilitegemea mwanga wa nje, kwa hiyo kilisomeka mchana na kufa usiku. Kioo cha leo kina taa yake, hung'aa usiku na kufifia juani. Pwani ya Guta saa sita mchana ni mtihani mkali kwa taa yoyote ndogo.

Kipimo cha tatu ni umeme, na hapa maisha ya ziwa hutoa ushauri wake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi aghalabu ni za betri na za jua. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, maana taa ya mtu haishindani na mwezi. Hivyo starehe ya mvuvi ina kalenda: zipo siku za kazi isiyo na nafasi, na zipo siku za mwezi ambazo hupata wasaa. Chombo kinachomfaa ni kile kinachoweza kulala siku nyingi bila kupoteza chaji yote, kisha kikiamshwa kichezeke saa kadhaa. Kiwe na tundu la USB-C kama la simu, ili kipate chaji kwa waya ule ule na paneli ile ile ya jua. Kifaa chenye chaja ya peke yake ni kifaa chenye siku ya kufa iliyokwisha kuandikwa. Kadhalika betri yake iwe ya kufunguliwa kwa bisibisi. Betri ya lithiamu huchakaa, na iliyofungwa kwa gundi huzikwa na chombo chake.

Kipimo cha nne ni vitufe. Mtu aweza kusema kwamba simu tayari ipo mkononi, nayo ina nguvu kuliko vijisanduku vyote hivi. Kwa nini tena kununua chombo cha pili? Hoja hiyo ni nzito, na kwa wengi ndiyo hukumu iliyo sahihi. Asiye na fedha ya ziada asione haya kutumia simu yake. Lakini michezo ya kale ilitungwa kwa ajili ya kidole gumba kinachohisi kitufe pasipo kukitazama. Juu ya kioo kitupu kidole huteleza, na tena hufunika picha. Mchezaji hushindwa, naye hudhani mchezo ni mbaya, kumbe tafsiri ndiyo mbaya. Zaidi ya hayo, simu ni duka, benki na barua ya mwenyewe. Si kitu cha kumwachia mtoto aliyetoka kugeuza dagaa juani, mwenye magamba na mchanga vidoleni. Chombo kidogo cha pekee hupokezanwa, na mchezo unaopokezanwa ndio unaosimuliwa.

Kipimo cha tano ndicho nikionacho kikubwa kuliko vyote: chombo kikubali kuachwa. Michezo ikae katika kadi inayotoka, katika mafaili ya kawaida yanayoweza kunakiliwa kwenye kompyuta yoyote. Kifaa kinachoyafunga mafaili ndani ya tumbo lake, au kinachodai ruhusa ya mtandao kila kiwashwapo, hurudisha ule ugonjwa ambao emuleta ilikuja kuuponya. Bao lilidumu kwa sababu liliweza kulihama gogo.

Hapa pana mlango wa sheria, nasi hatuna ruhusa ya kuuruka. Emuleta si wizi. Mwaka 2000 mahakama ya rufani ya Marekani, katika shauri la Sony dhidi ya Connectix, iliamua kwamba kuichunguza mashine ili kuandika emuleta yake ni matumizi halali. Lakini mchezo wenyewe ni mali ya mtungaji wake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huzilinda programu za kompyuta kama izilindavyo riwaya. Kwa hiyo kadi inayouzwa pamoja na kifaa, imejaa maelfu ya michezo isiyolipiwa, ni mzigo wenye mashaka, na muuzaji kutosema neno hakuihalalishi. Mwaka 2024 waandishi wa emuleta ya Yuzu walikubali kuwalipa Nintendo dola milioni 2.4; wao waliiga mashine ambayo wakati huo ilikuwa ingali sokoni. Kuokoa kilichoachwa ni jambo moja. Kuvuna shamba ambalo mwenyewe angali analima ni jambo jingine.

Walakini sheria ina upungufu wake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani kwa kununuliwa. Mwaka huo huo Nintendo walifunga maduka ya mtandao ya 3DS na Wii U. Mtu aliye tayari kulipa hana wa kumlipa. Na ikiwa hali ni hiyo kwa Marekani, yenye makumbusho na mawakili, tutasema nini juu ya yetu?

Tutazame Brick Game. Vyombo vya namna hiyo, pamoja na Game & Watch, vina picha zilizochorwa kabisa ndani ya kioo, na programu iliyofungwa ndani ya chipu. Ili kuuingiza mchezo wa aina hiyo katika emuleta, mafundi mara nyingi huyeyusha kifuniko cha chipu kwa asidi na kuisoma kwa darubini, kisha huchora upya kila umbo la kioo. Kuokoa mchezo mmoja huhitaji kukitoa kifaa kimoja kafara. Game & Watch zimepata watu wa kuzitolea kafara hiyo, kwa sababu zina jina na bei. Vijisanduku vya bei nafuu vilivyopita katika magulio yetu vilipokufa vilitupwa, na michezo ya Java ya simu za vitufe ilipotea simu zilipoibiwa au kutumbukia majini. Hakuna kiwanda cha Shenzhen kitakachokumbuka kwa niaba yetu.

Pana hasara nyingine, nayo ni ya lugha. Mchezaji wa Kiswahili husema amekufa naye yu hai. Husema amebakiwa na maisha mawili, wala asishangaliwe. Bao liliiachia lugha yetu kunamua, mtaji, kimbi na takata, na wataalamu waliyaandika maneno hayo. Maneno ya matofali na ya nyoka, yaliyosemwa katika viwanja vya Guta, Bunda na Musoma, hayamo katika emuleta yoyote. Yamo vinywani mwa watu ambao sasa wana miaka thelathini na arobaini. Chombo chema kitamrudishia mtu huyo mchezo mkononi, naye akiucheza ataanza kusema. Na hapo mwanafunzi aliye karibu naye awe na kalamu.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa mtu wa Guta anayetaka michezo iliyofika kwetu kabla ya mwaka 2000, achague kifaa kidogo chenye kioo cha 640 kwa 480, vitufe vya kweli, chaji ya waya wa simu, betri inayobadilika na kadi inayotoka. Nguvu zaidi ya hapo ni mapambo. Anayetaka PSP, atumie simu aliyo nayo, na akiweza aiongezee vitufe vya nje. Na idara zetu za historia na za lugha zinunue vichache vya aina ya kwanza, si kwa ajili ya maonyesho, bali kwa ajili ya kusikiliza. Chombo chenyewe kitachakaa baada ya miaka michache kama gogo lililoliwa na mchwa. Kisichofaa kuchakaa pamoja nacho ni ushuhuda wa watu waliocheza.